Karani wa Mizani

Msinidai mizani katika shairi hili.
Mizani nimeiacha ghalani, Namilonje,
inaning'inia kwenye boriti,
ndoano yake imejikunja kama kidole kinachoita.
Kazi yangu ni kilo. Miaka kumi na minne
nasoma mshale, natamka, naandika:
Nnunduma, gunia sita.
Binti Chilemba, mbili na debe.
Ufuta mweupe wa Ruangwa unapakiwa, unaondoka,
sisi tunabaki na vumbi lake puani.

Daftari langu halina safu
ya kuandika mitondoro.
Ufuta unapenda ardhi iliyoungua jana,
nasi tunampa bibi harusi anachotaka:
magugu yakishika shamba, mwaka wa tatu,
tunabeba shoka, tunasogea mbele.
Mbele. Neno tamu hilo.
Tulisogea mbele hadi tukatokea upande wa pili wa kilima
tukakuta watu wa kijiji kingine, mashoka mabegani,
nao wanakuja mbele.
Tukasalimiana.

Bi Somoe Mkwinda alikuwa akituletea ming'oko,
imechemshwa na chumvi, inafuka moshi,
tunamenya huku tunahesabu magunia.
Zamani aliichimba nyuma ya choo chake.
Kisha saa nzima kwa miguu.
Kisha alfajiri mpaka adhuhuri.
Msimu ule alikuja na beseni tupu, akaligeuza, akalikalia.
"Leo nakula nini?" nikamtania.
"Kula mahesabu yako."

Siku ya tatu akarudi na ndoo.
Maji ya kisimani, aliyatuamisha usiku kucha,
akayamimina, kilichobaki akakitundika kwenye ndoano.
"Pima."
"Bibi, hapa tunapima ufuta."
"Hili ndilo shamba lako la mlimani.
Limehamia kisimani kwangu. Pima."
Mshale ukaenda nne na robo.
Foleni ilicheka, halafu ikaacha kucheka.
Nikaandika, ukurasa wa nyuma:
*Somoe Mkwinda. Tope. Kilo nne na robo.*

Niseme kweli. Siku hiyo
nilikuwa nimeshatia alama ekari tatu,
kamba nyekundu viunoni mwa mininga,
vijana nimewalipa nusu.
Nusu ile haikurudi. Basi.
Nilirudi kwenye shamba lililochoka,
nikapanda mbaazi katikati ya mistari,
na visiki, ambavyo kila Septemba nilivichoma
kama mtu anayempiga nyoka aliyekwisha kufa,
nikaviacha vichipue.
Sikugeuka walii. Mwaka wa kwanza nilivuna gunia tatu,
mke wangu akanitazama kwa jicho la mdai.
Lakini ndiye aliyefinyanga jiko la udongo, tumbo dogo,
linashiba vijiti viwili,
na jirani akaja na kamba kupima mlango wake.
Kiangazi tunafyeka njia ya kuzuia moto, watu kumi na mmoja,
na wale wa upande wa pili wanafyeka kuja kwetu.
Tunakutana kileleni.
Tunaazimana kila kitu isipokuwa kiberiti.

Bi Somoe amenifundisha kuchimba.
Mzizi unaukata, kichwa unakirudisha shimoni,
unakifunika taratibu, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
"Ukila mwili," anasema, "kichwa ni cha ardhi."
Beseni bado halijajaa.
Msimu huu amepata mitano, myembamba kama vidole,
mmoja akanipa.
Nikautundika kwenye ndoano, mzaha tu.
Mshale haukutikisika.
Nikaandika vivyo hivyo, ukurasa wa nyuma, chini ya tope,
jina lake, tarehe,
na pale pa kilo
nikaacha nafasi.