Vikonyo Kumi na Vinne

Daktari Manana alinizungushia utepe wa fundi cherehani,
ukaishia njiani.
"Nugzari," akasema, "moyo wako unapanda ngazi
hata ukiwa umelala."
Mimi, fundi wa lifti, miaka thelathini na moja hapa Rustavi,
niliyewapandisha watu hadi ghorofa ya tisa
na majokofu yao,
nikawashusha na majeneza yao,
leo naambiwa nitumie miguu.

Binti yangu Natela yuko Bari, anatunza bibi wa watu.
Akaniwekea programu simuni, yenye alama ya jani:
kila ninachokula nikiandike,
kila hatua ihesabiwe,
naye kulekule aone.

Jioni ya kwanza nikaandika: hinkali.
Kijiduara kikazunguka, kikazunguka.
*Je, ulimaanisha kabichi?*
Hapana, mwanangu.
Tangu nizaliwe sijawahi kumaanisha kabichi.

Hinkali sisi tunazihesabu kwa vikonyo.
Unashika kikonyo, unageuza, unang'ata ubavuni,
unafyonza mchuzi kabla haujakuchoma kidevu,
unga na nyama vinashuka,
kikonyo kinabaki kando ya sahani,
kigumu, cheupe, shahidi.
Harusini kwangu vilihesabiwa kwa sauti: thelathini na vitatu.
Baba mkwe akainuka, akanibusu kwenye paji:
huyu atafaa.
Sasa hesabu ileile ni mashtaka.
Nilipiga picha vikonyo kumi na vinne
na jani la kijani likawa jekundu
kama shavu la mlevi.

Hatua nazo, elfu nane kwa siku!
Nilifika mia tisa, na nyingine
nilizipata kwa kutikisa simu nikiwa nimekaa.
Ndipo nikamwona Bombora, mbwa wa mtaa,
mwenye kipini cha njano sikioni,
asiyejua kukaa.
Nikamfunga simu shingoni, ndani ya soksi.

Elfu kumi na mbili.
Natela akatuma picha ya mikono ikipiga makofi:
*Baba! Mama angejivuna.*
Njia ya mwongo fupi, walisema.
Yangu ilikuwa kilomita tisa kila siku,
kwa miguu minne.

Siku ya tano Bombora hakurudi.

Lifti ya jengo langu ilikuwa mbovu
(fundi ni mimi, usiniulize).
Nikashuka ngazi, nikazunguka soko,
nikapita nyuma ya kiwanda cha chuma,
nikafuata ukingo wa Mtkvari hadi mahali
ambapo lami inakata tamaa,
nikarudi, magoti yakilia kama bawaba,
shati limenigandia mgongoni,
nikiita jina la mbwa kama jina la mtoto.
Jua lilipozama nikaazima simu ya muuza mbegu za alizeti
nikajipigia mwenyewe.
Nikasikia ninavyoita,
kwa mbali,
nyuma ya tanuri la mikate.

Alikuwa amelala hapo tangu asubuhi,
joto ubavuni, soksi imejaa unga.
Nikaitoa simu.
*Hatua mia mbili na sita,* ikaniambia.
*Leo umezembea, Nugzari.*

Nikakaa chini kando yake.
Sikumbuki nani alihema zaidi.
Nikampigia Natela, nikamwambia yote,
mbwa, soksi, elfu kumi na mbili.
Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.
Kisha: "Na Bombora ana kilo ngapi sasa?"
"Amepungua," nikasema,
na akacheka kicheko cha mama yake,
kile kinachoishia puani,
mpaka bibi wa Bari akaamka.

Leo nimekula nane.
Vikonyo vinane, sikuvipiga picha.
Ya tisa nimeishusha ngazi ghorofa zote tano,
mkononi, ikiwa bado ya moto.
Yeye alikula pamoja na kikonyo.
Hakuna ushahidi.