Mabati Ishirini na Manne

Paa letu la Mnyambe lilikuwa na mabati ishirini na manne.
Tuliyanunua msimu ule korosho zilipopanda bei
hata mbwa wa Nandonde akala wali.
Mvua ilishuka mferejini, ikaingia kisimani uani,
nasi, Mungu atusamehe, tukawacheka
wanaoteremka bondeni na ndoo alfajiri.

Kisha Desemba ikapita bila kupiga hodi.
Mahindi yalitoa jani la tatu
yakajisokota kama karatasi ya ugoro.
Julai mikorosho ikachanua kidogo, maua yakadondoka meusi;
ghalani kwa chama cha msingi
mizani ikaning'inia, karani akasinzia chini yake.

Bati la kwanza lilikwenda kwa unga.
La pili na la tatu, maji,
maana mwenye pikipiki ya maji
huchagua uso wa kuukopesha.
La nne, daftari na viatu vya Esha.
Chilumba alipanda juu na koleo,
aking'oa misumari, akiinyoosha kwa jiwe,
akiihifadhi kwenye kopo la maziwa.
"Mvua yenyewe haipo," alisema. "Paa la nini?"
Sikucheka. Wala yeye hakutania.

Nilikwenda porini kuchimba ming'oko,
nikakuta mashimo ya wenzangu yamenitangulia.

Mbegu za kunde nilizificha kibuyuni, chini ya kitanda.
Siku moja nilimkuta Esha amekishika kile kibuyu.
Alikitikisa, akasikiliza,
akakirudisha palepale.
Ana miaka tisa.
Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Bati la kumi na saba ndilo la mwisho kuuzwa.

Juzi usiku ikaja, kutokea upande wa Kitangari,
harufu ya vumbi kwanza, halafu yenyewe.
Ikanyesha kitandani. Ikanyesha jikoni, ndani ya chungu kitupu.
Ikapita pale mfereji ulipokuwa ukielekea,
kisima kikaambulia kikombe.
Tulijibana watatu chini ya mabati saba,
Chilumba akitikisa lile kopo la misumari
kama mtu anayehesabu deni gizani.

"Lete kibuyu," akasema.

Kulipopambazuka tulikuwa shambani, nguo zimetuganda mwilini,
tunafukia kunde mbili mbili,
na nyuma yetu nyumba imeachama
kama kinda.