Milimita Tatu za Jumapili

Merridy alinileta zawadi kutoka Adelaide:
kopo jeusi la mdomo mpana
na skrini ndogo, upana wa kiganja.
"Mama, hakihitaji waya. Kopo likae nje,
skrini ikae jikoni, vitasemezana vyenyewe."
Nikamwambia, katika ukoo huu
hiyo itakuwa mara ya kwanza.

Ndani ya kopo mna kijiko cha pande mbili,
mfano wa pembea ya watoto:
upande mmoja ukijaa, unainama, unamwaga,
wa pili unainuka kungoja zamu yake.
Kila kuinama, nukta sifuri mbili.
Nikalipachika juu ya nguzo,
mbali na paa, mbali na mikalitusi,
kisha nikaketi kutazama sifuri.

Sifuri ya Februari. Sifuri ya Machi.
Mbegu za ngano ghalani, trekta limenuna,
mchanga mwekundu wa Mallee
unapiga hodi chini ya mlango
na kuingia bila kuitikiwa.

Ndipo Jumapili moja ya Aprili,
mbingu kavu kama bati,
saa tatu na robo asubuhi,
skrini ikaandika: 3.0.
Nikatoka na ndala. Nikagusa ardhi: vumbi.
Nikagusa majani ya waridi: vumbi.
Jumapili iliyofuata, saa ile ile,
3.0.

Nikapanda ngazi nikalishusha kopo langu.
Buibui ametanda juu ya kijiko,
betri zimevuja, zimeota ukungu wa kijani.
Lilikuwa maiti, tena la siku nyingi.
Sasa nani alikuwa akinisemesha?

Hatua mia mbili, ng'ambo ya seng'enge,
juu ya nguzo ya kaka yangu Erwin,
kopo jeusi, pacha wa langu.
Skrini yangu, ilipokosa sauti ya nyumbani,
ilitega sikio kwa jirani.

Miaka kumi na moja hatujasemezana.
Tangu wosia. Tangu kile kisima.
Tangu neno nililolitoa mbele ya jeneza la mama.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Kumbe yanapimika.

Jumapili ya tatu nilijibanza nyuma ya pazia.
Akatoka na suti yake ya kanisani,
ngazi begani, kikombe cha chai mkononi,
akapanda, akamimina maji taratibu,
akainamisha kichwa kusikiliza kijiko.
Ndivyo alivyokuwa baba:
haamini kitu mpaka akijaribu mwenyewe.
Hakujua kwamba maji yale
yalikuwa yakiangukia jikoni mwangu.

Nilinunua betri mpya.
Zimo kwenye droo, pamoja na mishumaa na kamba.
Zimo tu.

Mei, usiku, mvua yenyewe ikaja.
Nilikaa gizani na gauni la kulalia
nikihesabu mvua ya Erwin:
mbili, nne nukta nane, kumi na moja nukta sita.
Yangu ilinyesha bila karani.
Asubuhi nikampigia Merridy:
"Tumepata kumi na moja nukta sita!"
"Tumepata? Wewe na nani?"
Nikasema simu inakwaruza.

Leo Jumapili. Saa tatu na robo.
Saa tatu na nusu.
Birika limechemka, limepoa, nimelichemsha tena.
Saa nne. Skrini: 0.0.
Dirishani naiona ngazi imeegemea nguzo,
na juu yake hakuna mtu.

Huenda amechoka kujaribu.
Huenda amekwenda kanisani mapema.
Huenda.

Viatu vimejaa umande wa majani,
seng'enge imenishika mkono wa sweta.
Nainua waya wa juu, naukanyaga wa chini,
na hapo katikati, mguu huku, mguu kule,
nahisi upande mmoja umejaa,
umejaa miaka kumi na moja,
unainama.