Mkono Begani

Asubuhi ya Julai, Meru umejifunika gubigubi,
akaingia dukani kwangu Ngarenaro
yule ambaye watoto humwita Mchina
naye hageuki, maana si jina lake.
Jina lake Nang Kham Noon. Hukata vito
chumba cha nyuma pale kwa Lomayani;
kucha zake zina unga wa mawe ya Mererani.

Mashavuni kapaka kitu cha rangi ya mtindi.
"Liwa?" nikamwuliza. Bibi yangu wa Pangani
aliisaga juu ya jiwe kila Ijumaa.
Akacheka. "Kwetu ni gome la mti mwingine.
Jiwe ndilo lilelile."

Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka.
Harusi: watu thelathini, sahani, mbwa chini ya meza.
"Huyu. Sai Lao Hseng, kaka yangu.
Mtoe peke yake, mkuze, awe wa bango."
Nikaanza kufuta. Nikamfuta bibi harusi,
nikafuta sahani, nikaufuta mlima wa nyuma
(unisamehe, mlima), nikamfuta na mbwa.
Ukabaki mkono mmoja begani kwake,
umekatikia kwenye kiwiko, hauna mwenyewe.
Kila nikiufuta, bega nalo linaondoka.

"Wa nani?"
"Wa mama. Uache."

Kisha maneno. Aliyataka kwa Kiswahili,
mlinzi wa getini naye ayasome.
Nikachapa: Alikamatwa usiku. Hajulikani alipo.
Akayafuata kwa kidole, silabi kwa silabi,
miaka sita ya Kiswahili cha soko la Kilombero.
"Hapa," akasema, "aliyemkamata yuko wapi?"
Nikatazama. Kweli, hayumo.
Herufi moja tu, w,
na jeshi zima limejibanza nyuma yake.
Nikafuta. Nikachapa: Wanajeshi walimkamata.

Umeme ukakatika.
Mashine imeng'ata karatasi, kaka katoka nusu,
paji na macho, anatuchungulia.

"Ile mahakama haitawasikiliza," nikamwambia.
"Ni ya Afrika. Nchi yenu haimo."
"Najua. Ila kibao chao kinasema binadamu,
halafu kinaongeza: na watu.
Sisi tuko tisa. Tukikosa nafasi kwenye la kwanza
tutasimama kwenye la pili."
Sikujua kama ni utani. Nikamimina chai.

Saa sita umeme ukarudi, mashine ikamalizia:
pua, kidevu, bega, na ule mkono.
Nilitaja elfu tatu. Akahesabu tano,
akakunja bango ndani ya mfuko wa sandarusi,
akatoka kwenye manyunyu, akitembea upande wa ukuta.

Kompyuta ikaniuliza: hifadhi mabadiliko?
Nikabonyeza hapana.
Wakarudi wote: sahani, mlima, bibi harusi, mbwa,
na mwisho wa mkono, mama,
katazama pembeni, nje ya picha,
mdomo wazi,
kama mtu aliyesikia hodi.