Nakala ya Machi

Heldur alipima mto Pärnu miaka thelathini na mmoja:
kwanza kwa penseli na daftari lililolowa,
kisha kwa kompyuta ya mezani
ambayo feni yake hukoroma chumba cha nyuma
hadi shangazi Maimu akailalamikia
kama alivyomlalamikia yeye.

Baada ya mazishi nilimletea laptopu nyepesi.
Nikafunga programu, nikajisifu:
"Shangazi, mashine hizi sasa ni pacha.
Ukigusa hii, na ile imeguswa."
Akanimiminia kahawa. Pacha, alisema, neno zuri.
Sikumwambia kuwa pacha huyu
humwiga mwenzake hata akijikata kidole.

Jumanne ya theluji ya kwanza alifanya usafi.
Jivu la jiko, maganda ya tufaa,
na folda moja isiyo na jina, tarakimu tupu.
Takataka. Akabonyeza.
Chumba cha nyuma feni ikakohoa kidogo,
ikatii.

Alinipigia usiku. Hakulia.
Aliuliza kama anayeuliza bei ya kuni:
"Raivo, mto umekwenda wapi?"

Nilipekua huku, nikapekua kule.
Tupu kwa tupu, sawasawa kabisa,
kazi safi ya mikono yangu.
Nilimpa kioo, nikakiita kibubu.

Alfajiri, Türi yote imelala chini ya weupe,
akakumbuka droo ya soksi.
Ndani ya soksi ya sufu, diski nzito kama tofali dogo,
na mwandiko wa Heldur kwenye plasta:
MACHI. USIGUSE.
Kumbe kila barafu ilipovunjika
alinakili yote, akachomoa waya, akaficha.
Hakumwamini mtu. Hata mimi. Hasa mimi.

Faili zikapanda moja moja, tukizihesabu kwa vidole.
Mstari wa mwisho: tarehe kumi na nne,
sentimita mia mbili na kumi na mbili.
"Na baada ya hapo?"
Hakuna, shangazi. Wala kiangazi, wala Agosti yake,
wala ile asubuhi aliyorudi bila kofia.

Alikitazama kioo cha kompyuta mpaka kahawa ikapoa.
"Basi humu," alisema,
"maji bado yanapanda."

Nikachomoa waya.
Yeye alikwisha vuta kikapu cha nyuzi,
anaanza soksi ya pili.