Wako, Timu ya Ukaguzi

Kaunas, Januari. Saa kumi tu, na giza limeshaketi.

Kazi yangu ni nyuso.
Nazipokea kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine:
uso na kitambulisho, uso na bili ya umeme,
uso ulioamriwa ugeuke kushoto, upepese macho,
uthibitishe kwamba una damu.
Nikiridhika nabonyeza kijani, duka linafunguka.
Nisiporidhika natuma sentensi tatu alizotunga mtu mwingine,
na chini yake: Wako, Timu ya Ukaguzi.

Zamani, yaani mwaka juzi, hatukuuliza.
Duka lilijiita Joto la Nyumbani,
likauza blanketi za umeme kwa bei ya mkate na maziwa.
Nyota tano, nyota tano, nyota tano,
sifa zote za usiku mmoja, zenye kosa lilelile la tahajia.
Mzee Alfonsas Dirmeikis wa Panevėžys
alinunua moja kwa ajili ya magoti yake.
Iliwaka saa nane usiku. Godoro likaliwa, pazia likaliwa,
yeye akatolewa dirishani na jirani wasiyesalimiana.
Binti yake hakuanza kwa kudai fidia.
Alitaka jina. Mtu mmoja tu wa kumwandikia.
Barua yake ilikwenda hadi kiwanda cha sukari
kilichofungwa kabla yeye hajazaliwa,
ikarudi na muhuri: hajulikani.

Mbuzi kwenye gunia tumezoea.
Hili lilikuwa gunia lisilo na mwenyewe.

Ndipo sheria ikaja: jina, anwani, simu,
viwekwe dukani, vionekane.
Niliifurahia, sitaficha.
Wiki ya kwanza nilimnasa mtu mwenye majina kumi na moja.
Ndevu zilibadilika, miwani ilibadilika,
lakini nyuma yake daima palikuwa na ua la plastiki
lenye jani moja lililovunjika.
Nilibonyeza nyekundu mara kumi na moja
nikaenda kula kwa hamu.

Kisha Skaistė.

Anafuma glavu za sufu, kijivu,
na mstari mwekundu kwenye kifundo.
Jozi mia mbili tangu Septemba;
kwa hesabu yetu hiyo ni biashara, si mchezo wa jioni.
Uso sawa. Kitambulisho sawa. Benki sawa.
Anwani ameiacha wazi.
Nikatuma zile sentensi tatu.
Akajibu:
“Aliyenivunja mkono huu naye ana akaunti kwenu.
Yeye ni mnunuzi. Yeye hamkumuuliza kitu.”

Nimeisoma kazini. Nimeisoma ndani ya basi.
Nimeisoma nikimenya viazi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, ndiyo,
lakini liko daftari ambamo mwenye mali ndiye hupotea.

Msimamizi akasema: kisanduku ni kisanduku.
Hakina nafasi ya kuandika nipo, ila msinitafute.
Hakimjui anayejificha kwa sababu ameiba
na anayejificha kwa sababu ameibiwa usingizi.
Na mimi je, ninawajua?
Yule wa majina kumi na moja naye alikuwa na macho ya upole.

Nikamfikiria binti wa Alfonsas na ile barua yenye muhuri.
Nikamfikiria Alfonsas mwenyewe. Nadhani angeuliza tu
kama glavu hizo zina joto.

Saa kumi na moja. Wenzangu wanavaa makoti.
Naandika jibu lisilo kwenye orodha yetu:
yuko wakili anayepokea barua za watu kwa ada ndogo;
huenda sheria ikamkubali, huenda isimkubali;
nitauliza tena kesho, usifunge duka.

Wako,

na hapo kidole kinasita.
Miaka mitatu nimedai majina ya watu
bila kutoa langu hata mara moja.
Nafuta Timu. Nafuta Ukaguzi.
Naandika Vygantas Ruzgys, dawati la nne, ghorofa ya pili,
na namba ya simu ninayoipokea mwenyewe.

Natuma. Nakaa, koti mapajani,
naitazama simu
kama mtu aliyefungua duka asubuhi hii.