Kengele ya Butere

Apondi amehesabu: tisa.
Nne ukumbini, mbili jikoni,
mbili zimeegemeana nyuma ya mlango kama walevi,
na moja, ile nyembamba, yaning'inia juu ya kitanda chetu.
Joto la Kisumu likizidi
hudondosha kutu, chembe chembe, kwenye shuka.
"Siku moja itatuangukia," asema,
"na watoto wataandika nini msalabani?"
Nikamwambia waandike: walikufa safarini.

Sitaki mpya. Sitaki hata ile mamba nyeusi
iliyobeba magunia ya Busia na wagonjwa na maharusi.
Nataka mababu zake:
taa ya kabidi, breki ya ufito wa chuma,
tandiko la ngozi lililokauka likajikunja.
Nataka zile ambazo hazikujua friwili,
pedali huzunguka maadamu gurudumu linazunguka,
mteremkoni mguu haupewi likizo.
Nilijaribu moja kutoka Riat.
Ilinifikisha Kondele kabla sijaamua kufika,
kiatu cha kushoto kikabaki Mamboleo.
Mpaka leo nikipita pale natazama mtaroni.

Kisha Wasike, muuza vyuma chakavu wa Kibuye,
akaninong'oneza kama mtu anayetaja deni:
"Iko moja Butere. Iliingia kule kabla ya reli."
Nikapanda treni, pesa kwenye soksi.
Kisian, Maseno, Luanda, Yala,
na kila kituo niliogopa yuko mwingine
anayekwenda huko huko, pampu mfukoni.

Rispa Okwara alinipeleka nyuma, kwenye jiko la zamani.
Ndiyo hiyo. Moshi wa miaka umeipaka lami.
Nembo ya shaba shingoni imelika, zimebaki herufi tatu.
Nikapiga magoti, nikapapasa gurudumu la nyuma.
Hakuna friwili.
Na juu ya keria, kwenye kikapu kilichofungwa kwa mpira wa tyubu,
kuku mwekundu, akinitazama kwa jicho moja
kama karani wa ofisi ya ardhi.

"Bei tutaongea," Rispa akasema,
"lakini huyu ana mayai kumi na moja, na leo ni siku ya pili.
Huku kwetu kuku hafukuzwi kazini."
Nikataja bei. Nikaongeza. Nikavua soksi.
Akacheka, akachukua kisu, akaifungua kengele.
"Shika, iwe arubuni."
Sijapata kuona muuzaji akimpa mnunuzi arubuni.

Siku kumi na tisa nilizikata kwenye kalenda, moja moja.
Apondi akauliza kama ni mimi ninayeatamia.

Nikarudi. Uani vifaranga tisa,
mayai mawili yalikuwa viza.
Nikaingia jikoni na spana yangu.
Kikapuni, mweusi, mgeni, jicho lile lile.
"Binti yake wa kwanza," akasema Rispa. "Amerithi."

Ningeweza kukihamisha kile kikapu.
Njia nzima ya kurudi nilikihamisha,
kutoka Yala hadi Kisian nilikihamisha mara ishirini.
Lakini nilikuwa nimeliona gurudumu,
limezama udongoni hadi kwenye spoku,
mizizi myembamba imepita katikati kama uzi wa cherehani.
Baiskeli ambayo haikumpa mtu pumziko
sasa imekaliwa.

Wasike asema nimepunjwa.

Kengele iko mezani, kando ya chupa ya chai.
Chakula kikiiva Apondi huigonga:
kwanza kikohozi kikavu, kisha mlio mmoja safi
unaofika hadi kwa jirani.
Jana alipita tena, kidole hewani.
"Tisa," akasema, "na kengele."
Hakuniuliza ya kumi itaingia lini.
Ila kabati la vyombo, leo asubuhi nimeona,
limesogezwa shubiri nne.